Muulize Fundi: Nta ya nyuki inafaa kwenye Fuso?

*Shikamoo fundi. Mimi ni dereva, nakaa Isevya hapa Tabora mjini. Naendesha Fuso ya mjomba, nyeupe, ya zamani. Msimu wa tumbaku tunabeba kutoka Sikonge na Urambo, ukiisha tunabeba chochote: asali, mbao, mahindi. Kila Jumapili naiosha mwenyewe nyumbani kwa sabuni ya unga na dodoki, halafu naifuta kwa mafuta ya taa ili ing'ae. Inang'aa siku hiyo hiyo tu. Kesho yake kichwa kimefubaa, na ukikipapasa mkono unatoka na unga kama umeshika chaki. Dukani wameniuzia kopo, limeandikwa kuwa ni polishi na nta humo humo. Utingo wangu ananicheka, anasema kopo la nini wakati kwao Sikonge nta ya nyuki imejaa. Nishike lipi? Mjomba anarudi mwisho wa mwezi na nilimwahidi ataikuta kama mpya.*

Marahaba, kijana wangu. Kama mpya haitakuwa, na ulikosea kumwahidi hivyo. Lakini itapendeza, na mjomba atanyamaza.

Huo unga mweupe ndiyo rangi yenyewe. Malori mengi ya zamani, hasa meupe, yalipigwa rangi tupu bila vanishi juu yake, ile ambayo mafundi wengine huiita klia. Jua likiichoma miaka nenda rudi, ngozi ya juu inakauka na kumeng'enyuka. Wewe huhitaji kipimo, mkono wako umeshakwambia. Wenye magari mekundu au ya bluu wachukue kitambaa cheupe, watie polishi kidogo, wasugue mahali pamoja. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, vanishi hakuna.

Sasa wewe umekuwa ukiongezea. Sabuni ya unga kazi yake ni kung'oa mafuta kwenye nguo, na kwenye gari inang'oa kinga yoyote iliyobaki. Dodoki linaficha mchanga katikati ya nyuzi zake, kwa hiyo kila Jumapili umekuwa ukipiga msasa bila kujua. Mafuta ya taa yanang'arisha kwa sababu yameacha utelezi juu, na utelezi huo ndio unaokamata vumbi la Jumatatu. Raba za milango na kioo cha mbele nazo yanazichosha. Acha vyote vitatu.

Kuhusu kopo, shika neno hili: polishi inakula, nta inafunika. Polishi ina chembe ndogo za kusugua. Inaondoa ngozi iliyokufa mpaka ikute rangi nzima. Nta haiondoi kitu, inakaa juu kama koti. Ukipiga polishi kila wiki unaimaliza rangi. Kwenye gari lenye vanishi, unene wa vanishi yenyewe kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja wa kichwani. Hapo hakuna cha kuchezea.

Mimi niliijua kwa gharama. Nikiwa mwanafunzi gereji, nilipewa mashine ya kupigia polishi na mlango mmoja wa Land Rover. Nikajiona bingwa, nikaikandamiza kwenye kona ya mlango, mahali ambapo rangi huwa nyembamba kuliko kote. Praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ikanichungulia, ya kijivu, kubwa kama sarafu. Mzee wangu wa kazi hakunipiga wala hakufoka. Alinipa msasa wa maji na kuniambia mlango wote ni wangu, nianze upya. Siku mbili. Tangu hapo kona na mikunjo naifanya kwa mkono, na wewe fanya lori zima kwa mkono.

Kwa hali ya gari lako, kopo la mchanganyiko litumie sasa, mara hii moja, kutoa chaki. Kisha ununue nta peke yake kwa ajili ya miezi inayofuata.

Anza na kuosha, maana hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Saa moja asubuhi, bati likiwa la baridi, kivulini. (Kivuli kisiwe cha mwembe, nitakueleza chini.) Anza na magurudumu na bodi, kwa ndoo yao na brashi yao, wala brashi hiyo isiguse kichwa kamwe. Halafu mwagia kichwa maji matupu, mengi, uyaache yashuke na vumbi lile jekundu la barabara ya Sikonge kabla hujagusa kitu. Ukishika kitambaa kabla ya vumbi kulainika, umechora. Kisha weka ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji safi. Sponji inachovywa kwenye shampuu, inapita juu ya bati kwa mstari ulionyooka, si kwa mduara, halafu inasuuzwa kwenye ndoo ya pili kabla ya kurudi ya kwanza. Tazama chini ya ndoo ya pili ukimaliza. Mchanga utakaouona pale ndio uliokuwa ukisugulia rangi ya mjomba. Anza juu ya paa, shuka. Bampa iwe ya mwisho. Mimi kichwa cha Fuso hakinimalizii ndoo sita za lita 20, pamoja na kusuuza.

Kausha kwa taulo laini palepale. Ukiliacha jua likaushe, hasa kama maji ni ya kisima, yatabaki madoa meupe ya chokaa. Yakishaingia, changanya siki na maji nusu kwa nusu, futa, suuza.

Kisha tia mkono ndani ya nailoni nyembamba, upapase bati taratibu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, basi tumia ile inayofungia mkate. Nailoni inafanya vidole visikie kila chembe. Pakikwaruza, rudia kuosha pale.

Polishi: fulana kuukuu ya pamba, isiyo na mshono wala kifungo. Eneo moja dogo kwa wakati, robo ya mlango, sugua kwa nguvu ya wastani, futa. Kitambaa kitatoka cheupe, usishtuke, ni ile chaki. Geuza upande safi mara kwa mara. Ukiona rangi imeanza kurudisha sura yako, hata kama ina ukungu kidogo, simama. Kichwa kizima kitakula asubuhi yako, kwa hiyo mwambie utingo aache kucheka aje ashike upande wa kushoto.

Nta ni kazi nyepesi kuliko hiyo. Paka nyembamba sana, kiasi cha kuona haya. Subiri ifanye ukungu, pitisha kidole, kikipita pakavu futa kwa taulo jingine safi. Nta nene haizidishi kinga, inazidisha jasho tu. Usiipake kwenye plastiki nyeusi ya bampa na vioo vya pembeni, itaacha weupe ambao utautoa kwa mswaki huku unajilaumu. Kujua kama bado ipo, mwagia maji: yakijikusanya matone, ipo, yakilala bapa, imekwisha. Kwa kazi yako na vumbi letu, tegemea mwezi mmoja na nusu hadi miwili.

Na nta ya nyuki? Hapa naongea kama mwizi aliyetubu. Nimeijaribu. Niliyeyusha nta ya Sikonge, nzuri, ya manjano, inanukia miombo, nikachanganya na mafuta ya taa, nikapaka lori zima la baba mdogo. Liling'aa mpaka majirani wakaja. Likaenda Urambo likarudi kama andazi lililogaragazwa kwenye unga wa mtama, na waipa zilikuwa zimechora upinde wa mafuta kwenye kioo. Baba mdogo aliendesha huku ametoa kichwa dirishani.

Sababu ni hii. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na bati lililoachwa juani mchana wa Oktoba linakaribia huko, hasa likiwa la rangi nzito. Inalainika mapema zaidi ya hapo, inanata, inakaribisha vumbi. Nta ngumu ya kwenye makopo mazuri ni ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86. Wapo watengenezaji wanaoichanganya na ya nyuki kidogo ili ipakike vizuri, hivyo utingo wako hajakosea kabisa. Mwambie hiyo ya kwao tutaipaka kwenye turubai, kama ni la kitambaa cha pamba: iyeyushe, paka, pitisha pasi ya moto wa kadiri, maji ya mvua yatateleza. La nailoni usiliguse.

*Fundi, mimi napaki chini ya mwembe, hapa Gongoni hakuna kivuli kingine. Utomvu ukidondokea gari naukwangua kwa kisu. Ni sawa?*

Si sawa, weka kisu. Miembe yetu ina utomvu mkali unaokula rangi ukikaa siku kadhaa. Lainisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kilaze dakika kumi, futa. Ukibaki, pamba yenye spiriti kidogo, pita haraka, suuza, rudishia nta. Jaribu kwanza mahali pa kificho. Kinyesi cha ndege ni vilevile, ila bila spiriti na bila kusubiri kesho.

*Mwangaluka fundi. Mimi ni mama mfanyabiashara wa Urambo, nina Canter. Dereva wangu anaipaka chesisi oili chafu kila akishaosha, anasema inazuia kutu. Inanuka, na sakafu ya banda imeharibika.*

Mwangaluka, mama. Mwambie aache. Kutu itapungua kidogo, kweli, lakini oili inavimbisha bushi za raba, inakamata udongo mpaka huoni nati, na inayodondoka inaingia ardhini karibu na kisima chako. Anachopaswa kufanya baada ya kuosha chini ni kupiga grisi: krosi za shafti, pini za springi, kila penye nipo, ile chuchu ya kuingizia grisi. Maji ya mpira wenye nguvu yanaisukuma grisi nje, na krosi iliyokauka italia kabla hujafika Kaliua.

*Sisi wa Kigoma tunaoshea lori ziwani pale Kibirizi, maji ni bure. Ubaya uko wapi?*

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Na maji hayo yenye dizeli na grisi ndiyo anamochota mama wa jirani. Jaza madumu, panda nayo nyumbani, osha penye majani mbali na mtaro.