Re: Kiduha kimemaliza mahindi, palizi haisaidii

Mkuu pole, umesema umepalilia mara tatu na mvua ipo ila mahindi yamedumaa tu. Sio uvivu wako aisee. Kiduha, hilo gugu la vimaua vya zambarau, mpaka ulione juu limeshanyonya mizizi ya mahindi wiki kadhaa huko chini, so jembe linafika limechelewa. Ila ng'oa tu kabla halijatoa maua maana shina moja linamwaga mbegu maelfu kwa maelfu na zinakaa ardhini zaidi ya miaka 10 zinasubiri mahindi au mtama.

Mi ningepanda desmodiamu (mmea wa malisho jamii ya kunde) katikati ya mistari, ile mambo ya sukuma-vuta (mmea mmoja unafukuza wadudu shambani, mwingine unawavuta pembeni) ya ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita Kenya. Mizizi yake inaidanganya mbegu ya kiduha iote halafu inaizuia isijishike kwenye mahindi, inakufa njaa. Pembeni zungushia mabingobingo (Wakenya wanaita nepia), yanavuta nondo wa funza wa mabua, na ng'ombe anakula vyote viwili.

Shida mbegu ya desmodiamu ni kama vumbi, ukifukia sana haioti, na msimu wa kwanza inakua polepole mno, waambie vibarua mapema, wa jirani yangu waliing'oa yote wakijua ni magugu 😂

Ukiikosa basi msimu ujao weka soya au pamba, nazo zinaotesha kiduha bila kukilisha. Na samadi usibanie, kinapenda ardhi iliyochoka.

Uko mkoa gani kwani?