Chupa nne za dawa ya damu, na damu haikupanda

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Mwanangu ana homa ya ini B, damu iko 9.4. Nimpe dawa gani ya kuongeza damu?" Nilikuwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza kwenye dirisha la duka la dawa.

Wangu, naye mwenye homa ya ini B, alikuwa na miaka sita. Viganja vimepauka, ngazi tatu tu anahema. Kipimo kikasoma 9.1, na kwa umri wake ilitakiwa isipungue 11.5. Nikanunua dawa ya maji ya madini chuma. Chupa ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne. Meno yakashika weusi, choo kikawa kama lami. Bibi yake, aliyekwisha sema hadharani kwamba sijui kulisha mtoto (sijasahau), akaleta rozela na maini. Nikajiona mama wa mfano.

Tukarudi kupima: 9.3.

Daktari wa watoto akauliza, "Hii dawa kaandika nani?" Nikaangalia sakafu. Akapima malaria, minyoo, selimundu: hakuna. Akapima ferritini, ile akiba ya chuma. Ikaja juu! Akanifafanulia taratibu: ini ndilo linalotengeneza hepsidini, homoni inayozuia chuma kisiingie ovyo kwenye damu. Ini likiugua muda mrefu, mizani huyumba. Kuna mtoto ambaye chuma kimefungiwa ghalani huku uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, una njaa. Kuna mwingine kinarundikana ndani ya ini lenyewe na kuliumiza zaidi. Tena ferritini hupanda hata kwa uvimbe tu, kwa hiyo haisomwi peke yake. Akaagiza na kipimo cha transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu.

Chuma tukaacha, akaanzishiwa dawa za virusi. Damu ilipanda polepole, miezi kadhaa, hadi 11.6. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo dada zangu, pimeni kwanza. Si kila upungufu wa damu ni upungufu wa chuma, na mtoto mwenye ini bovu si wa kujaribiwa. Msiniambie jirani kasema. Jirani hana ini la mwanao. Pimeni, nasema tena, na anayeamua kuhusu chuma awe daktari anayelifuatilia ini hilo.

Nikamjibu yule dada hivyohivyo, kwa urefu. Akarudisha mstari mmoja: "Nimeshanunua mbili."