Kuku kuacha mayai baada ya vifaranga wa kwanza kutoka

Habari ndugu. Umesema kuku wako alilalia mayai 12, wakatoka vifaranga 4, kisha akainuka nao na kuyaacha 8 yapoe.

Kwanza angalia kama kuna kuku wengine wanaotagia kiota hicho hicho. Kwangu ndivyo ilivyokuwa: mwenzake alikuwa akijibanza ubavuni mwa anayelalia, anataga, anaondoka zake. Yai huchukua takriban siku 21, kwa hiyo lililoingia wiki moja baadaye haliwezi kuanguliwa pamoja na yale ya mwanzo. Na mama hangoji. Vifaranga wakishakauka na kuanza kutembea, hutoka nao.

Siku hizi nakusanya mayai, namwekea yote jioni moja, kila moja nimelizungushia alama ya penseli. Akitoka kula, napapasa kiota. Lisilo na alama naliondoa.

Hayo 8 yamulike leo kwa tochi, gizani. Linalong'aa lote halina kitu. Ukisikia mlio ndani, usilitupe hata kama limepoa! Liweke usiku chini ya kuku mwingine anayelalia. Niliwahi kumwokoa mmoja hivyo, ganda lilikuwa na tundu dogo tu na ncha ya mdomo ikichezacheza.