Re: Chaser ya 1997 imelala Tabora, nianzie wapi?
Mkuu, kama hiyo Toyota Chaser (modeli JZX100) ya ba'mdogo wako iliyolala muda mrefu chini ya mwembe ina km 38,000 tu na unataka irudi kama ilivyotoka kiwandani, kwanza usipige stata! Mwaga petroli yote ya zamani, badili oili, na taimingi belti (mkanda wa ndani ya injini) toa uweke mpya hata kama haijafika km laki maana mpira unazeeka kwa miaka sio kilomita, hozi za rejeta ukizibonyeza zikalia kama biskuti basi hizo tupa. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi), 2209 ni wiki ya 22 mwaka 2009. Rangi usikimbilie kupiga upya, utomvu wa mwembe loweka na maji ya uvuguvugu, utoke taratibu. Halafu fundi akikushawishi uvue rimu za kiwandani kataa kabisa, mie zangu niliuza skrepa, hadi leo roho inaniuma.