Kabla ya Kutabiri Teknolojia Ijayo, Fuatilia Bei Yake

Vijana ninaofanya nao kazi ya kufunga umeme wa jua hapa Dodoma huniuliza mara kwa mara ni teknolojia ipi itakayotawala baada ya miaka kumi, ili wajifunze hiyo na kuachana na nyingine. Ushauri wangu ni kwamba waanze na mwenendo wa bei, kwa sababu chombo kinaweza kuwa bora na bado kisiwafikie watu hadi gharama yake ishuke.

Mwaka 1970, kampuni ya AT&T ilianza kuuza huduma ya simu za picha mjini Pittsburgh, Marekani. Waliotabiri kwamba watu wangependa kuonana wanapozungumza walikuwa sahihi kabisa, lakini ada ilikuwa dola 160 kwa mwezi, na aliyekuwa na simu hiyo hakuwa na watu wengi wa kumpigia. Huduma ile ilikufa. Leo bibi aliyeko Kongwa anamwona mjukuu wake aliyeko Mwanza kupitia simu ya mkononi.

Mwaka 1936, mhandisi Theodore Wright alieleza kuwa gharama ya kutengeneza ndege hupungua kwa kiwango kinachokaribiana kila jumla ya ndege zilizotengenezwa inapoongezeka maradufu. Paneli za sola zimefuata mkondo huohuo kwa miongo kadhaa, bei yake ikishuka kwa takriban asilimia 20 katika kila ongezeko la namna hiyo, na betri za lithiamu nazo zimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 2010. Mwenendo wa muda mrefu kiasi hicho nauamini kuliko tangazo lolote la kifaa kipya, na ndiyo maana kila kijana anayejifunza kwangu hufundishwa betri za lithiamu hata pale wateja wetu wengi wanapoendelea kununua zile za risasi na asidi, kama za magari.

Hata hivyo, kushuka kwa bei si sababu ya kungoja bila kikomo. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anayemwagilia kwa pampu ya dizeli analipia mafuta kila wiki anayosubiri pampu ya sola iwe nafuu zaidi. Apige hesabu ya mafuta hayo kwanza, kisha ailinganishe na punguzo analolitarajia. Ninachomshauri akiepuke ni mkopo mrefu wa kifaa ambacho hakitamwingizia wala kumwokolea fedha tangu msimu wa kwanza.

Kwa fundi, maandalizi yenye faida ni yale yatakayomfaa hata utabiri wake ukienda kombo: kukokotoa volti, ampea na wati bila kubahatisha, kuchagua unene wa waya, na kusoma maelezo ya kiufundi ya kifaa ambacho hajawahi kukishika. Aliyeyamudu hayo atahama kutoka paneli hadi bajaji ya umeme kwa mafunzo mafupi tu.

Vilevile nawaomba waandike, kando ya kila utabiri, ni jambo gani likitokea watakubali kuubadili. Kwa betri za lithiamu, mimi nimeandika mambo mawili: zikichakaa mapema kwa joto la Oktoba na Novemba ndani ya nyumba zetu za bati, au mafundi wa wilayani wakikosa vipuri vya kuzitengeneza.