Ukiwapeleka watoto Rungwe, anza na mto Kiwira

Mara ya kwanza kuwatembeza wanangu Rungwe, mkoani Mbeya, nilijipangia mambo mengi kwa siku moja: Ziwa Ngozi lililo juu mlimani asubuhi, kisha Daraja la Mungu, Kijungu, maporomoko ya Kaporogwe, jioni tukalale Matema. Saa nane mchana bado tulikuwa tunateremka Ngozi. Mdogo nilikuwa nimembeba mgongoni, viatu vimejaa tope, na yule mkubwa amenuna hataki hata kusemeshwa. Ngozi ni pazuri mno, lakini ile njia ya msituni ina mwinuko mkali. Mtoto wa miaka mitano usimwanzishie pale.

Siku hizi naanza na mto. Ukitoka Mbeya mjini unapita Uyole na kuifuata barabara ya Tukuyu, halafu unachepuka kuelekea mto Kiwira. Kama huna gari, panda kosta za Tukuyu au Kyela, kisha uchukue bajaji. Patana na dereva bei ya kwenda, kukusubiri na kukurudisha, yote kabla hamjaondoka. Mimi niliwahi kupatana ya kwenda tu, na wakati wa kurudi nikatajiwa bei nyingine huku watoto wanalia njaa. Sikuwa na la kufanya ila kulipa.

Daraja la Mungu halikujengwa na mtu. Ni mwamba wa volkano uliojipinda juu ya mto, na Kiwira unapita chini yake. Waelezeni watoto kabla hamjafika kwamba zamani uji wa moto wa volkano ulitiririka hadi bondeni ukaganda, maji nayo hayakukubali kuzibiwa njia. Wangu waliposikia hivyo, kila jiwe jeusi walilolikuta waliliinamia na kuuliza kama nalo liliwahi kuwa uji.

Kijungu ndiyo hasa ninapopapenda. Kipo kwenye eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo mnajitambulisha getini kwanza, na mambo ya kupiga picha ulizieni hapohapo. Mto mzima unabanwa kati ya miamba na kuingia kwenye shimo la mviringo, maji yakichemka kama chungu kilicho jikoni. Binti yangu alirusha kipande cha jani la mgomba. Likazunguka mara moja, mara mbili, mara ya tatu likasimama wima, likazama. Tulisubiri, wala hatukuliona tena. Alinishika mkono mwenyewe, bila kuambiwa.

Nawasihi wazazi wenzangu jambo hili kwa moyo wote: pale hakuna kuogelea, hakuna kuchezea maji ukingoni, na mtoto mdogo mkono wake usiuachie hata kwa ajili ya picha moja. Miamba ile ina ukoga wa kijani unaoteleza vibaya. Kandambili ziacheni nyumbani, vaeni raba zenye meno. Mvua za Rungwe huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na zinanyesha kwelikweli, kwa hiyo mimi huwapeleka likizo ya Juni. Baridi ya Tukuyu mwezi huo si ya mchezo, kila mtoto awe na sweta.

Chakula kisikutie wasiwasi. Tukuyu mjini mtapata ndizi za kupika na nyama, maziwa, na maparachichi. Wafundishe watoto kusema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, wanapopewa sahani. Mama wa pale alicheka kwa furaha, akamwongezea mwanangu mdogo ndizi mbili.

Matema iacheni kwa safari yake, ufukwe wa Ziwa Nyasa unastahili siku mbili nzima.

Mkilala Tukuyu, kesho yake nendeni Kaporogwe, kusini mwa mji. Pale kuna pango nyuma ya maporomoko, mnasimama ndani yake huku maji yakianguka mbele yenu kama pazia. Tafuteni kijana wa kijijini awaongoze kwenye kijinjia cha kuteremkia, mumpe chochote. Manyunyu ya maji yanalowesha kila mtu, bebeni nguo za kubadilisha. Mkubwa wangu, yule wa kununa Ngozi, alisimama mle pangoni shati limemganda mwilini, ananipigia kelele kushinda maporomoko: "Mama, tukae kidogo!" Tulikaa mpaka saa tisa.