Maswali na Majibu: Dagaa Wako ni Yupi?

Naandika tasnifu ya uvuvi hapa Kibirizi, Kigoma. Nikitafuta takwimu za dagaa, naletewa za Mwanza. Mashine ina shida gani?

Haina shida. Umeipa jina tupu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea, na hata ukoo wao ni mwingine. Ukivuka kwenda Burundi, hao hao wa kwako wanaitwa ndagala. Ukishuka Zambia, kapenta. Data zilizounganishwa zipo kwa ajili ya vurugu hii: kila kitu kinapewa kitambulisho kimoja cha kudumu chenye anwani yake ya wavuti, na majina ya lugha zote yanafungwa hapo. Katika Wikidata, hifadhidata huria ya mtandaoni, Tanzania ni Q924, uisome kwa Kiswahili au kwa Kijapani. Spishi nazo zina namba zake. Ongeza safuwima ya namba hizo kwenye jedwali lako leo, kabla hujaandika sura ya kwanza. Nchi nne zinavua ziwa hili. Mavuno yao yatajumlishwaje kama kila mmoja ameandika jina la kwao? Na tafadhali, usirundike spishi zote mbili kwenye mstari mmoja wa "dagaa". Ukishazichanganya, hakuna programu itakayokutenganishia.

Tumeskani ripoti zetu zote na kuzipakia kama PDF. Sasa tuna data huria? (Ujiji)

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara mwulizaji hasemi leseni ni ipi. Bila leseni ya wazi hamna kitu. Mkiiweka, mna nyota moja kati ya tano za kupima data huria za Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, alizozipanga mwaka 2010. Ya pili ni jedwali linalosomeka na mashine, ya tatu ni muundo usiomilikiwa na kampuni, kama CSV, yaani faili la maandishi matupu ambamo mkato hutenganisha safuwima. Ya nne ni vitambulisho vya wavuti, na ya tano ni kuviunganisha na data za wengine. Picha ya jedwali si jedwali.

Naweza kutumia data za Wikidata katika kazi ya kuuza? (Tabora mjini)

Ndiyo. Leseni yake ni CC0, inayoruhusu matumizi yoyote bila masharti. Taja chanzo hata hivyo, ili anayekusoma aweze kukagua.

Siku hizi akili unde inatafuta kwa maana. Vitambulisho vya nini tena? (Mwanafunzi, Tabora)

Utafutaji huo unageuza maneno kuwa vekta, yaani safu za namba, kisha unapima ukaribu. Ukaribu si utambulisho. Dagaa wa Mwanza na wa Kigoma wote huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa, huuzwa sokoni; maandishi yanayowahusu yanafanana mno, na mashine itakuletea wote pamoja kwa kujiamini. Tumia vekta kupata nyaraka usizojua zipo. Ukitaka kujumlisha au kulinganisha, uliza kwa SPARQL, lugha ya kuulizia data zilizounganishwa, juu ya vitambulisho. Anayekuuzia kimoja kama mbadala wa kingine anakupotosha.

Tuna daftari za mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, zenye majina na simu za wavuvi. Tuziweke wazi?

Hapana! Tenganisheni kwanza. Kilo, tarehe, spishi na mwalo vinaweza kwenda wazi. Majina na namba za simu zibaki kabatini. Mkishazitoa kwenye intaneti hamtazirudisha.